Nyimbo za Zuzu Ndani ya Kompyuta ya Uhindini

Bhavna anasema wazo lilikuwa lake. Mimi nasema lilikuwa langu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka Dodoma na mimi ndiye niliyebaki, naona kumbukumbu zangu zina haki zaidi. Mwezi uliopita alishuka kwenye treni ya umeme akiwa na mvi upande mmoja wa kichwa na binti yake Meera akiburuta masanduku nyuma yake, na hata kabla hatujafika kwangu Msalato tulikuwa tumeshaanza kubishana: mwaka ule tulianza na njia gani ya kunakili sidii, ipi ikafuata, na nani aliitaja ile ya mwisho. Dereva wa teksi alitutazama kwenye kioo kwa huruma. Wanawake wawili wenye miwani ya kusomea, hatujaonana miaka zaidi ya ishirini, na tunagombania namna ya kuchoma sidii, kitu ambacho vijana wa siku hizi hawakijui hata kwa sura. Lakini najua tulichokuwa tunakikwepa. Mzee Jayanti, baba yake, hayupo tena. Mwalimu Yona naye hayupo. Ilikuwa rahisi zaidi kugombania sidii kuliko kuanza kuwataja hao wawili ndani ya teksi.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha sita nikawa nangoja matokeo. Kwa nini nilikuwa naishi kwa Mzee Jayanti, mtaa wa Uhindini, badala ya kwetu, ni hadithi nyingine na haina kazi hapa. Itoshe kwamba Bhavna nilisoma naye, na chumba cha uani kilikuwa wazi. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ua wa saruji ambapo dhania na pilipili zilianikwa juu ya magunia, na kutwa nzima nilisikia kila kilichosemwa jikoni, kwa Kigujarati nisichokijua na kwa Kiswahili nilichokijua vizuri mno. Mzee Jayanti alikuwa mjane. Alizaliwa Dodoma, baba yake pia, na alikuwa na duka la vipuri vya redio mbele ya nyumba, kwa hiyo harufu ya bizari kutoka jikoni ilikutana na moshi wa kulehemu kutoka dukani katikati ya sebule, mahali ilipokaa kompyuta. Kompyuta ile ilinunuliwa na kaka yake Bhavna kabla hajaenda kusoma nje. Ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama mkate wa sikukuu, chini yake stabilaiza ikivuma, na ukutani juu yake picha za miungu wao zenye mashada ya maua ya plastiki. Ilikuwa na matundu mawili ya sidii, la juu la kusomea na la chini la kuchomea. Siku zile mjini kompyuta za nyumbani zenye tundu la kuchomea zilikuwa za kuhesabika, na habari hiyo ikasafiri mpaka Zuzu bila sisi kumwambia mtu.

Mwalimu Yona alifika asubuhi moja kwa baiskeli, suruali imefungwa kwa mpira kwenye kifundo cha mguu. Nilimfahamu vizuri. Alinifundisha shule ya msingi Zuzu, hesabu na kuimba, na kati ya hayo mawili alikuwa mkali zaidi kwenye kuimba. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado na unga mikononi, na kabla sijamkaribisha ndani Mzee Jayanti alitokeza kutoka dukani akamwambia, "Mbukwa, Mwalimu," kwa Kigogo safi, na Mwalimu akaitikia bila kushangaa, maana kila mtu mjini alijua mzee huyo anaongea Kigogo kuliko baadhi ya Wagogo waliokulia Dar es Salaam. Mwalimu akatoa kitabu cha nyimbo kwenye mfuko wa koti, na ndani ya kitabu bahasha, na ndani ya bahasha sidii moja. Kwaya yake ilikuwa imekwenda kurekodi Dar es Salaam. Aliyewarekodi akawapa sidii hiyo, kisha akahama na mitambo yake, na namba yake ikawa haipatikani. Yaani dunia nzima nyimbo zile zilikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo alikuwa amepashika kwa vidole viwili. Alitaka nakala kwa ajili ya wanakwaya wake wote, zigawiwe Sikukuu ya Mavuno. Alikuwa amewaahidi.

Kisha akatoa masharti. Sidii isitoke machoni pake, yeye atakaa hapo hapo wakati wa kazi. Na jambo la pili, akalisema polepole akimtazama Bhavna na si mimi, kwamba ndani ya kompyuta kusibaki kitu. Bhavna akajibu kwa adabu kwamba haiwezekani kubaki kitu, tutanakili moja kwa moja, tundu la juu linasoma na la chini linachoma. Lakini akaona, na mimi nikaona, kwamba lile sharti lilikuwa limemtazama yeye.

Mchana tuliandaa chakula. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja basi, na nadhani alikuwa amejiandaa kula pilipili kwa ajili ya ujirani mwema. Kwa Mzee Jayanti hakuliwi nyama wala yai. Ila marehemu mama yake Bhavna alifundishwa na majirani zake kupika mlenda mkavu wa karanga, na kwa kuwa mlenda hauna ugomvi na dini ya mtu, ukawa chakula cha nyumba ile, na ugali wa uwele pembeni. Bhavna alipofunua bakuli Mwalimu alisogea katikati ya kiti. Akala. Akaongezwa. Alipokuwa ananawa mikono ndipo akatueleza habari ya Kibaigwa, bila kuulizwa, akielekeza maneno kwa Mzee Jayanti peke yake.

Miaka michache nyuma alitunga wimbo wakati wa kiangazi kibaya, wakati wanawake wa Zuzu walikuwa wanachimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Kwaya iliuimba harusini, mtu akarekodi kwa kaseti, na Mwalimu akafurahi kwamba mtu amependa. Baadaye alikwenda soko la mahindi Kibaigwa na magunia yake, na pale kwenye foleni ya malori akausikia wimbo wake ukitoka kwenye dirisha la lori. Sauti hazikuwa za kwake. Akamwomba dereva amwoneshe kaseti, na kwenye karatasi ya jalada palikuwa na picha ya kwaya moja ya mjini, wamevaa sare mpya, na jina la mtunzi lilikuwa la mtu mwingine. Dereva akamwambia ule ni wimbo mkubwa, unapigwa mpaka Singida. Mwalimu alipoulalamikia uongozi wa kwaya ile walimwuliza ana ushahidi gani, na hakuwa nao. Ndiyo sababu alikwenda kurekodi. Wimbo ule ulikuwa wa saba kwenye sidii yake, na pale mwanzoni, kabla ya sauti ya kwanza kuingia, yeye mwenyewe anasikika akitaja jina lake na jina la Zuzu. Hilo ndilo alilolitafuta Dar es Salaam, na mengine yote yalikuwa nyongeza.

Nimeshafikiri sana juu ya mchana ule. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kuibiwa ni kupoteza kitu ulichokuwa nacho mkononi. Mwalimu hakupoteza kitu. Wimbo bado alikuwa nao, aliweza kuuimba akiwa anaendesha baiskeli. Ila kila alipouimba watu walimwambia kwamba anaigiza vizuri. Sasa najua kwamba huo ni wizi mbaya kuliko wa ng'ombe.

Basi tukaanza kazi kwa njia ile ya moja kwa moja, na ikatutesa. Kwanza, kompyuta yenyewe ilikuwa nzee na haina pumzi. Tundu la juu likisita kidogo tu kusoma, la chini linakosa cha kuandika, na sidii mpya inaharibika hapo hapo. Pili, umeme wa Dodoma. Tatu, vumbi la Dodoma, ambalo halihitaji kuelezwa. Tukapunguza mwendo wa kuchoma mpaka mwisho, tukafunga madirisha, tukamwomba Mzee Jayanti asiwashe chuma chake cha kulehemia wakati tunafanya kazi. Tukapata nzima moja, mbovu mbili. Mwalimu alizikusanya zile mbovu kwa uangalifu, nikadhani anahofia hata hizo zisibaki, kumbe alikuwa anazipeleka shambani kuzitundika kwenye uwele zifukuze ndege. Alisema zinafanya kazi vizuri kuliko makopo.

Njia ya pili ilikuwa yangu, hilo Bhavna hawezi kukataa. Vijana wa stendi walikuwa wanachukua nyimbo mojamoja na kuzibana ziwe ndogo, mpaka sidii moja inaingia nyimbo mia. Nikamwambia Mwalimu kwamba tunaweza kubana, ni rahisi na haraka. Nikabana wimbo mmoja kwa majaribio, akausikiliza kwa spika za masikioni, macho amefumba. Akazivua akasema sauti ya nne imekwenda wapi. Nikamwambia ipo. Akasema haipo, wanaume wake wamesimama nje ya mlango. Bhavna akacheka mpaka akatoka nje, na njia yangu ikafa siku hiyohiyo, na wimbo ule nikaufuta mbele ya macho ya Mwalimu.

Njia ya tatu sote wawili tuliijua tangu mwanzo: kuiingiza sidii nzima ndani ya kompyuta mara moja, kwa utulivu, kisha kuirudisha ile ya asili kwenye bahasha yake isiguswe tena, na nakala zote zitoke ndani ya kompyuta. Mwalimu hakutaka kusikia. Alikuwa na sababu mbili na alizipanga kama hesabu ubaoni. Ya kwanza ilitoka kwenye kaseti: nakala ya nakala hufifia, kila mtu aliyewahi kurekodi kaseti kutoka kwa jirani anajua, kwa hiyo kila mwanakwaya lazima apate yake kutoka kwa mama mwenyewe, ile sidii ya asili. Nilimweleza kwamba kwenye kompyuta haififii wala haichuji, ya mia ni sawa na ya kwanza. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia darasa la sita nilipokosea kugawanya. Ya pili hakuisema tena, lakini ilikuwa pale sebuleni nasi, inakunywa chai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kompyuta ile ilikuwa unyasi mrefu ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Hivyo sidii moja ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, kila nakala mara moja, na kila iliyoharibika mara nyingine. Kila ilipotoka Mwalimu aliipuliza na kuifuta kwa ncha ya shati lake. Ni mazoea ya watu wengi, na mimi nilimwona akiifuta kwa kuizungusha, vumbi la barabara ya Zuzu likiwa kwenye shati hilohilo, na sikujua nimwambieje mwalimu wangu. Siku moja, alipokuwa anasikiliza nakala iliyotoka, nikaona mkono wake umesimama. Wimbo wa saba ulikuwa umekwama. Si mahali pengine, ni pale mwanzoni, kwenye jina lake. Likatoka nusu, likarudi, likatoka nusu tena.

Mwalimu akataka wimbo urudishwe nyuma, ukakwama palepale. Akaomba tuweke ile ya asili, nayo ikasita, ikapita kwa shida. Bhavna aliniita jikoni, akajifanya anapepeta mchele, akaninong'oneza kwamba Mwalimu akikaa kula yeye ataiingiza sidii ndani, ni dakika chache tu, Mwalimu hatajua, na siku ile ya asili ikifa kabisa atatushukuru. Hapo ndipo wazo lilipokuwa lake, nakubali. Bhavna akisoma hapa atulie. Nikamwambia kwamba Mwalimu akijua, atakuwa ameibiwa mara ya pili, na safari hii na mwanafunzi wake. Akanijibu kwa hasira kwamba mimi naogopa kwa sababu ni Mwalimu wangu, lakini yeye ndiye ambaye Mwalimu anamtazama kila anapohesabu sidii zake. Alikuwa analia. Sikujua mpaka siku ile kwamba lilikuwa limemuuma kiasi kile. Kabla sijajibu, Mzee Jayanti akasema kutoka dukani, bila kuinua sauti, maana alisikia kila kitu, "Katika nyumba hii hakiingii kitu bila mwenyewe kujua. Mwambieni, akatae."

Tukamwambia. Akakataa. Akaiweka sidii kwenye bahasha na bahasha kwenye kitabu, akashukuru kwa chai, akapanda baiskeli. Nakala zilizokuwa nzima zilikuwa chache kuliko hata waimbaji wa sauti ya tatu peke yao, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Mitaani tayari magari ya karanga yalikuwa yanapita. Nilikaa chumbani kwangu nikimwogopea Mwalimu. Nilimwona akiwa mzee, anaisikiliza sidii yake ikila jina lake kidogokidogo, kwa sababu ya kuilinda.

Alirudi baada ya Jumapili, safari hii na mkewe. Mama Eliya alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya, mwanamke mfupi mwenye utani mwingi, na alikuwa amechoka, alisema, na mume anayelala na kitabu cha nyimbo chini ya mto. Aliingia jikoni moja kwa moja kumsaidia Bhavna kumenya karanga, akataka aelezwe yote tangu mwanzo, yeye si mwalimu, aelezwe taratibu. Bhavna akamweleza. Mama Eliya akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu, kisha akatoka sebuleni na bakuli la maganda mkononi, akasimama mbele ya mumewe. Nakumbuka kila neno.

"Baba Eliya, marehemu baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi zizini kwake?"

Mwalimu akasema mkewe anajua.

"Wachache. Na wengine walikuwa wapi?"

Mzee Jayanti alikuwa ameacha kazi yake na kusimama mlangoni mwa duka, maana kwa mambo ya ng'ombe alikuwa hataki mzaha.

"Walikuwa kwa marafiki zake," Mama Eliya akajijibu. "Mwingine Kigwe, mwingine Bahi. Ulipokuja ugonjwa ule tukiwa wachumba, zizi la baba yako likabaki na kinyesi tu. Mahari yangu ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu. Hakuna Mgogo mwenye akili anayeweka ng'ombe wote zizi moja. Wewe una ng'ombe mmoja, umemfunga kwenye mfuko wa koti, anakufa unamwangalia."

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze. Kwetu mtu akiwa na ng'ombe huwawekeza baadhi kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa, hiyo ndiyo haki yake, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe, hata vikipita vizazi. Hakuna maandishi. Mtu anayekana ng'ombe aliyewekezewa hapati mtu wa kumzika. Mwalimu Yona aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Ila haikuwa imemwingia akilini kwamba wimbo unaweza kuchungwa, na wala mimi na Bhavna, na elimu yetu yote, haikuwa imetuingia. Tulikuwa tumemweleza habari za kompyuta, wakati yeye alichohitaji kujua ni habari za mwenye kompyuta.

Mwalimu akamgeukia Mzee Jayanti akamwuliza kama amesikia maneno ya mama huyu. Mzee akasema amesikia. Mwalimu akamwuliza kama anaelewa kwamba maziwa ni yake, nyumba yake isikilize inavyotaka, asubuhi na jioni, lakini ndama asitoke bila mwenyewe. Mzee Jayanti akasema baba yake aliwahi kuwekezewa ng'ombe na Wagogo wa Zuzu, na walirudi wote na ndama zao, waulizwe wazee. Ndipo Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kuja. Akaitoa sidii kwenye bahasha na kumpa Bhavna, si mimi, mkononi.

Bhavna aliiosha kwa maji na sabuni kidogo, akaifuta kwa kitambaa laini cha miwani ya baba yake, kutoka katikati kwenda nje. Tukaiweka kwenye tundu, mwendo wa chini kabisa. Tukaondoka sebuleni wote, maana hakuna aliyeweza kuitazama, tukaenda kula uani, mlenda na ugali, na hakuna aliyekula sana isipokuwa Mama Eliya. Kutoka sebuleni tulisikia kompyuta ikisoma, ikisita, ikikwaruza, ikisoma tena. Iliponyamaza hatukuinuka. Mzee Jayanti ndiye aliyetangulia. Tulimsikia akiburuta kiti, kisha tukausikia wimbo wa saba kwenye spika mbili ndogo za kompyuta, na sauti ya Mwalimu ikitaja jina lake, lote, na Zuzu, kisha wanawake wakaingia:

*Tumechimba mchanga, Bwana, tumekuta mchanga;
tupe mikono ya kesho, tuchimbe tena.*

Mama Eliya alijifunika uso kwa khanga. Mwalimu alinawa mikono, ingawa alikuwa ameshanawa.

Nakala zote zilitoka kabla ya sikukuu, na hakuna ya kwenda kutisha ndege. Kila mwanakwaya alipata yake, wengine hawakuwa hata na kitu cha kuipigia. Miezi iliyofuata ikawa miezi ya kunywa maziwa. Asubuhi Mzee Jayanti akimaliza sala yake na kuzima ubani, alikuwa anawasha kompyuta, na kwaya ya kanisa la Zuzu ikaimba chini ya picha za miungu wake wakati yeye akisaga tangawizi ya chai. Bhavna alikariri sauti ya pili yote akiwa anakanda chapati. Mimi nilipata matokeo yangu, mazuri kiasi, na siku niliyoyapata pia nyimbo zilikuwa zinapigwa. Nikisema nilikuwa na furaha mwaka ule nasema kweli, na sikuwa nikijua.

Mwisho wa mwaka Bhavna alipata chuo nje, kwa kaka yake, na Mzee akaamua kuuza nyumba amfuate. Alimwita Mwalimu. Kompyuta ilikuwa imekwisha fungwa kwenye boksi nusu, kitambaa cha kufuma kimekunjwa juu yake. Mzee akamwambia anahama, na mwenye kuchunga akihama hurudisha ng'ombe, kwa hiyo atafuta nyimbo zote mbele ya macho ya Mwalimu, kisha ampe mkono. Bhavna alikuwa ameshakaa kwenye kiti, kidole tayari.

"Usifute," Mwalimu akamwambia Mzee. "Mwache binti yako aende nazo. Ila akiulizwa ni za nani, aseme."

Bhavna akasema atasema. Hawakupeana kitu kingine.

Mwalimu Yona tulimzika Zuzu msimu wa kilimo uliopita. Kwaya ya vijana iliimba wimbo wa saba kaburini, kwa kinanda, haraka kuliko alivyopenda. Kabla hawajaanza, kijana aliyekuwa anaongoza ratiba alitutangazia kwamba sasa tutasikia wimbo maarufu wa kwaya fulani ya mjini, uliokuwa ukipendwa sana na marehemu. Nilimtazama Mama Eliya. Alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akatikisa kichwa kidogo, na mimi, mwanafunzi wake Mwalimu, sikupata nguvu ya kusimama mbele ya jeneza kubishana. Niliporudi nyumbani nililia kwa hasira kuliko nilivyolia makaburini. Hayo ndiyo niliyomweleza Bhavna siku ya pili ya ugeni wake, tulipochoka kubishana, na yeye akasema kesho twende Zuzu.

Mama Eliya siku hizi haoni vizuri. Alimpapasa Bhavna usoni, akamwuliza habari za msiba wa baba yake, akamlilia Mzee Jayanti kwa jina kana kwamba amekufa jana. Meera alikuwa ametuacha na mazungumzo yetu, anaosha mabakuli tuliyolia pale karibu na pipa la maji, na katika kuosha akawa anaimba kwa sauti ya chini. Mama Eliya akainua kichwa. Meera alikuwa anaimba sauti ya pili ya wimbo wa saba, ile tumechimba mchanga. Mama Eliya akamwita asogee, akamwambia hapo kwenye *mikono* asipande, ishuke, Mwalimu hakutaka ipande. Meera akarudia, ikashuka. Akaombwa arudie tena.

Kisha Mama Eliya akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida, "Wimbo huu ni wa nani, mwanangu?"

Meera alituangalia, hakuelewa kwa nini aulizwe jambo ambalo kila mtu pale analijua. "Wa Mwalimu Yona," akasema. "Wa Zuzu."

Nje palikuwa na majirani wamekaa wanachambua karanga, na vijana wawili wa ile kwaya iliyoimba kaburini walikuwa wameegemea pikipiki yao. Mama Eliya akamshika Meera mkono.

"Sema tena," akamwambia. "Kwa nguvu, na wale pale wasikie."